Bomu Chafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lubumbashi kuhusu Neno na Silaha Yenyewe

Lubumbashi ni jiji la Kongo linaloishi kwa shaba na kobalti, na mgodi wa urani wa Shinkolobwe hauko mbali nasi. Kwa hiyo neno “mionzi” linapotajwa redioni, watu hapa husikiliza kwa masikio mengine. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa tena na tena na wanafunzi, na wauza mitraille, yaani chuma chakavu, wa mitaa yetu ya Kenya na Katuba, na jamaa wanaosikiliza habari za jioni kwa Kifaransa kisha wakataka kujua kwa Kiswahili kumesemwa nini. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kumpeleka msomaji kwenye jingine bila kurudia maneno.

## Neno lenyewe

1. “Dirty bomb” maana yake ni nini?

Kwa maana inayotumika leo, ni kifaa kinachounganisha baruti ya kawaida na vitu vyenye mionzi, kwa kusudi la kuvitawanya vitu hivyo mahali penye watu. Mlipuko ni wa baruti, na nguvu yake ni ya baruti. Vitu vyenye mionzi haviongezi nguvu ya mlipuko hata kidogo. Kazi yake ni kuchafua ardhi, majengo, nguo na hewa, ili mahali pale paogopwe na pashindwe kutumika mpaka pasafishwe.

Neno la kwanza la istilahi hii ya Kiingereza, lile la “chafu”, ndilo lililobeba maana, na la pili linapotosha. Msikilizaji akisikia “bomu” pamoja na “mionzi” huona mara moja Hiroshima. Sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini inatokana na kosa hilo moja.

2. Kwa Kiswahili tuseme nini?

Vyombo vya habari vya Kiswahili vimezoea “bomu chafu”, wingi “mabomu machafu”, na sioni sababu ya kulikataa jina hilo. Linalingana na Kifaransa, ambacho husema “bombe sale”, na msikilizaji wa Lubumbashi aliyesikia la Kifaransa hatapotea akikutana na la Kiswahili. Ila mara ya kwanza linapoandikwa katika habari ni lazima lifuatwe na maelezo mafupi, kwa mfano: “bomu chafu, yaani baruti ya kawaida iliyochanganywa na vitu vyenye mionzi”.

Wataalamu hupendelea jina lenye kueleza kazi: kifaa cha kutawanya mionzi. Ni refu, lakini halidanganyi. “Silaha ya mionzi” ni neno pana zaidi, kwa sababu linajumlisha hata njia zisizo na mlipuko (tazama swali la 9). Jambo la kuepuka kabisa ni kuandika “bomu la nyuklia” au “bomu la atomiki” mahali pa “bomu chafu”.

3. Kwa nini liitwe “chafu”? Kuna bomu safi?

Swali hili ni zuri kuliko wanavyodhani wanaoliuliza, kwa sababu historia ya neno imo ndani yake. Katika miaka ya 1950 “dirty bomb” halikuwa na maana ya leo. Wakati ule Marekani na Urusi ya Kisovieti zilikuwa zikijaribu mabomu ya haidrojeni, na bomu lililoacha vumbi jingi lenye mionzi liliitwa chafu, wakati lile lililokusudiwa kuacha vumbi kidogo liliitwa safi.

Tarehe 1 Machi 1954, katika jaribio la Marekani lililoitwa Castle Bravo kwenye kisiwa cha Bikini, bomu lilitoa nguvu ya megatani 15 (sawa na tani milioni 15 za baruti ya TNT), zaidi ya mara mbili ya ile iliyotarajiwa. Vumbi lake liliwaangukia wakazi wa visiwa jirani vya Marshall na wavuvi wa Kijapani waliokuwa ndani ya mashua ya Daigo Fukuryu Maru. Baada ya hapo serikali ya Rais Eisenhower wa Marekani ilianza kuzungumza hadharani juu ya mabomu “safi”, na kwa upande wa pili neno “chafu” likakaa katika magazeti.

Kwa hiyo ukisoma maandishi ya Kiingereza ya mwaka 1957 ukakutana na neno hilo, ujue kwamba linasema juu ya bomu halisi la nyuklia. Katika maandishi ya baada ya 2001, karibu kila mara linasema juu ya baruti iliyochanganywa na mionzi. Mfasiri asiyeangalia mwaka atakosea.

4. Basi si sawa na bomu la Hiroshima?

Hapana. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilipata nguvu yake kwa kupasua viini vya urani, na nguvu hiyo iliteketeza mji kwa joto, kwa kishindo na kwa mionzi ya papo hapo. Katika bomu chafu hakuna kiini kinachopasuliwa. Wanaokufa papo hapo wanaweza kuwa wale waliokuwa karibu na baruti, kama katika mlipuko mwingine wowote, na mionzi ni hatari inayokuja baadaye, ambayo ukubwa wake hutegemea kilichotawanywa, kiasi chake, upepo na muda ambao mtu amekaa pale.

5. Kuna tofauti gani kati ya kupigwa na mionzi na kuchafuliwa na mionzi?

Mtu anayepigwa “radio” (eksirei) ya kifua hospitalini amepitiwa na mionzi, lakini anapotoka chumbani habebi mionzi yoyote, kama vile aliyeota moto hatoki na moto mwilini. Huyo amepigwa na mionzi. Mtu aliyeangukiwa na vumbi lenye mionzi ana vumbi hilo kwenye nywele, nguo na viatu, na pengine ameimeza au kuivuta puani sehemu yake. Huyo amechafuliwa, na atabaki karibu na mionzi hiyo mpaka vumbi liondolewe.

Hapa neno “chafu” linatufaa kuliko Waingereza wenyewe walivyokusudia, kwa sababu kwetu uchafu ni kitu kinachooshwa. Vumbi lililo juu ya ngozi huondolewa kwa maji na sabuni. Hii ni habari njema, na inapotea kila mara neno linapotafsiriwa kana kwamba ni laana.

## Matumizi ya neno katika habari

6. Neno hili lilienea lini?

Lilienea baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Juni 2002, Mwanasheria Mkuu wa Marekani John Ashcroft alitangaza kukamatwa kwa José Padilla, aliyeshikwa Chicago mwezi Mei, akimtuhumu kushiriki njama ya bomu chafu. Padilla alipatikana na hatia mwaka 2007 kwa makosa mengine, na tuhuma ya bomu chafu haikuwamo katika mashtaka yale. Neno lilikuwa limekwisha kuzunguka dunia.

Tukio la kabla ya hapo linastahili kukumbukwa: mnamo Novemba 1995 wapiganaji wa Chechnya waliacha chombo chenye sesiamu-137, aina ya metali yenye mionzi, katika bustani ya Izmailovo mjini Moscow na kuwaelekeza waandishi wa televisheni mahali kilipo. Hawakukilipua. Walitaka kionekane.

Kwa wasikilizaji wetu wengi, “bomu chafu” lilisikika kwa nguvu Oktoba 2022, pale Urusi ilipodai kwamba Ukraine ilikuwa ikijiandaa kulitumia. Ukraine ilikana na kuwaalika wakaguzi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilikagua sehemu tatu zilizotajwa, na mwanzoni mwa Novemba likasema halikuona dalili ya shughuli za nyuklia zilizofichwa.

7. Je, bomu chafu limewahi kulipuliwa dhidi ya watu?

Hakuna tukio linalojulikana. Iraki ya Saddam Hussein ilifanya majaribio ya silaha ya aina hiyo mwaka 1987 kisha ikaacha.

8. Ni silaha ya maangamizi ya halaiki?

Kwa maandishi, ndiyo. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia silaha za kawaida, katika fasili yake ya Agosti 1948, iliweka silaha za vitu vyenye mionzi katika kundi moja na zile za atomiki, za kemikali na za kibayolojia. Kwa athari, wataalamu wengi husema linavuruga maisha ya mji kuliko linavyoua watu wake, na mimi nakubaliana nao. Soko likifungwa miezi kadhaa, na watu wakakataa kurudi katika nyumba zao, aliyelipua amekwisha kupata alichotaka hata kama makaburi ni machache.

Hakuna mkataba wa kimataifa unaopiga marufuku silaha za mionzi peke yake, ingawa Marekani na Urusi ya Kisovieti zilipeleka pendekezo la pamoja mwaka 1979. Mkataba wa mwaka 2005 wa kuzuia vitendo vya ugaidi wa nyuklia, hata hivyo, unamfanya kuwa mhalifu mtu anayemiliki vitu hivyo kwa nia ya kuua, kujeruhi au kuharibu.

9. Ni mambo gani yanayoitwa “bomu chafu” kimakosa?

Ni mengi. Ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986 ilitawanya mionzi mingi mno, lakini ilikuwa ajali ya kinu cha nyuklia na hakuna aliyeikusudia. Alexander Litvinenko, aliyekuwa jasusi wa Urusi, aliuawa London mwaka 2006 kwa poloniamu-210, kitu chenye mionzi, aliyonyweshwa katika chai. Hiyo ni sumu. Chanzo cha mionzi kilichofichwa chini ya kiti ili kuwadhuru wanaokikalia ni silaha ya mionzi, lakini kwa kuwa hakitawanyi kitu si bomu chafu. Risasi za vifaru zilizotengenezwa kwa urani hafifu hutumiwa kwa uzito wake wa kutoboa chuma, na ingawa vumbi lake lina ubishi mkubwa, hazihesabiwi humu.

## Maswali ya hapa kwetu Katanga

10. Urani ya Shinkolobwe inaweza kuwa bomu chafu?

Jina la Shinkolobwe lina uzito wake, na hakuna haja ya kuupunguza. Mgodi huo, ulio karibu na Likasi, uligunduliwa mwaka 1915 na ukachimbwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, kwanza kwa ajili ya radiamu, metali nyingine yenye mionzi. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yenye urani hadi New York, na ndiyo yaliyonunuliwa baadaye na mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki. Wazee wetu walioyachimba hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Mgodi ulifungwa rasmi kwa amri ya rais mwezi Januari 2004, na Julai mwaka huo huo sehemu yake ilibomoka na kuwaua wachimbaji wadogo waliokuwa bado wakiingia.

Lakini kwa swali lililoulizwa, jibu ni kwamba urani ya asili haifai kwa bomu chafu. Inatoa mionzi polepole sana: nusu ya urani iliyo ardhini huhitaji takriban miaka bilioni 4.5 ili kubadilika. Hatari yake kwa watu wetu ni nyingine, ya kila siku na isiyoandikwa magazetini: vumbi linalovutwa na mchimbaji asiye na kinga, gesi ya radoni shimoni, maji yaliyopita katika mabaki ya mgodi. Ningependa hasira na hofu inayomwagwa juu ya bomu chafu ielekezwe huko.

11. Kobalti tunayochimba ndiyo hiyo inayotajwa katika mabomu?

Hapana, na kosa hili limewatia hofu bure wachimbaji na wake zao. Kobalti inayotoka Kolwezi na pembezoni mwa Lubumbashi ni kobalti-59, ambayo haina mionzi. Ile inayotajwa katika habari za silaha ni kobalti-60, ambayo hutengenezwa na binadamu kwa kuiweka kobalti ya kawaida ndani ya kinu cha nyuklia. Jina ni moja, kama watu wawili wa ukoo mmoja, lakini tabia ni mbili.

Kuna jambo la kuongeza ili nisimdanganye mtu: baadhi ya mawe yetu ya kobalti huja na urani kidogo ndani yake. Ndiyo maana shehena hupimwa mionzi, na mwaka 2018 kampuni kubwa ya Kolwezi ilisimamisha kwa muda kuuza kobalti yake nje kwa sababu hiyo. Hilo ni suala la usalama kazini na la biashara.

12. Mama yangu ameambiwa atatibiwa kwa “bombe au cobalt”. Je, ni salama?

Hilo ni jina la zamani la Kifaransa la mashine ya kutibu saratani kwa mionzi ya kobalti-60, tiba iliyoanza Kanada mwaka 1951. Hakuna baruti ndani yake na hailipuki. Mwambie mama kwamba neno “bombe” hapo ni mazoea ya lugha tu, na kwamba baada ya kila tiba anaweza kurudi nyumbani na kuwabeba wajukuu zake, kwa sababu iliyotajwa katika swali la 5.

Nimejibu swali hili kwa zaidi ya familia moja, na katika moja mgonjwa alikuwa tayari amekataa tiba kwa sababu ya jina. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya kueleza maneno si ya walimu wa lugha peke yao.

13. Nanunua mitraille. Nitajuaje kwamba kipande cha chuma kina mionzi?

Kwa macho, mara nyingi hutajua, na hapa ndipo ningemwomba msomaji akae kidogo.

Mnamo Septemba 1987, mjini Goiânia nchini Brazili, wanaume wawili waliokuwa wakiokota chuma chakavu waliingia katika kliniki iliyoachwa, wakatoa sehemu ya mashine ya tiba na kuipeleka nyumbani kwa toroli. Ndani yake mlikuwa na sesiamu-137, chini ya gramu 100. Waliiuza kwa mwenye yadi ya chuma. Usiku mwenye yadi huyo aliona unga ukitoa mwanga wa buluu, akaupenda, akawaita ndugu na majirani waje kuutazama, na akawagawia. Mtoto wa kike wa miaka sita alicheza nao kisha akala chakula kwa mikono ile ile. Mke wa mwenye yadi, alipoona watu wa nyumbani wanaugua wote kwa pamoja, alitia chombo kile katika mfuko na kukipeleka kwa basi hadi ofisi ya afya. Bila yeye wangekufa wengi zaidi. Walikufa wanne, yeye na mtoto yule wakiwamo. Watu wapatao 112,000 walipimwa, na 249 wakakutwa wamechafuliwa.

Hapakuwa na gaidi. Hapakuwa na baruti. Wanaotaka kujua bomu chafu lingefanya nini katika mji hutazama Goiânia, na waliokuwa mstari wa mbele pale ni watu wa kazi yako. Mkasa kama huo ulitokea tena Samut Prakan, Thailand, mwaka 2000, kwa kobalti-60, ukaua watu watatu.

Kwa hiyo: kitu kidogo ambacho ni kizito kupita kiasi, chombo cha madini ya risasi au cha chuma kinene kilichofungwa kwa ustadi, kifaa kilichotolewa hospitalini au kwenye mitambo ya migodi, alama ya mapanga matatu meusi juu ya rangi ya njano, au ile ya mwaka 2007 ya pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia: usikate, usiyeyushe, usipeleke nyumbani. Ondoka, zuia watoto, toa habari. Mwanzoni mwa 2023 Australia ilihangaika kutafuta kidonge cha sesiamu-137 kilichodondoka kutoka katika kifaa cha mgodini. Kilikuwa na urefu wa milimita 8 tu. Usidhani kidogo hakidhuru.

14. Mtu ananiuzia “urani” au “zebaki nyekundu”. Nifanye nini?

Usinunue, usihifadhi, usimpeleke kwa rafiki. Zebaki nyekundu ni utapeli unaozunguka dunia kwa miongo mingi. Silaha inayosemwa hutengenezwa nayo haipo. Kinachouzwa kama urani mara nyingi ni chuma au unga wa kawaida, na kama kwa bahati mbaya ni kitu chenye mionzi kweli, umelipa pesa ili uugue na ufungwe. Nchini mwetu chombo kinachosimamia kinga dhidi ya mionzi ni Comité National de Protection contre les Rayonnements Ionisants, na polisi wanaweza kuifikisha habari huko.

15. Ni kweli kwamba kitu cha kinu cha Kinshasa kiliwahi kuibwa?

Ni kweli. Kinshasa ilipata kinu cha utafiti mwaka 1959, cha kwanza barani Afrika. Fimbo mbili za fueli ziliibwa, na moja ikakamatwa na polisi wa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Wizi huo ni mfano wa biashara haramu ya vitu vya nyuklia. Kuuita “bomu chafu la Kongo”, kama nilivyowahi kusikia, ni kutia chumvi.

## Kama likitokea

16. Watu wafanye nini?

Waingie ndani ya jengo imara la karibu, wafunge milango na madirisha, na wazime feni. Wavue nguo za juu kwa uangalifu, wazitie katika mfuko wa plastiki uliofungwa na kuuweka mbali na watu. Hatua hiyo peke yake inaweza kuondoa hadi asilimia 90 ya uchafu. Kisha waoge kwa maji na sabuni bila kusugua ngozi hadi ichubuke. Chakula kilichokuwa wazi nje kisiliwe. Wafuate redio, wasikimbilie barabarani. Majeruhi wa mlipuko watibiwe kwanza kwa majeraha yao, kwa maana kuvuja damu huua haraka kuliko vumbi.

17. Vidonge vya iodini vinasaidia?

Vinalinda tezi ya shingo dhidi ya iodini yenye mionzi tu, kitu kinachotarajiwa zaidi katika ajali za vinu. Dhidi ya sesiamu au kobalti havifanyi kitu.

18. Aliyechafuliwa anaambukiza wengine?

Haambukizi kama kipindupindu kinavyoambukiza. Anaweza kuacha vumbi mahali anapokaa mpaka aoshwe. Baada ya hapo, kwa kawaida ni salama kumgusa na kumhudumia. Goiânia watu walikusanyika kuzuia mazishi ya yule mtoto, wakipiga mawe, ingawa jeneza lilikuwa la madini ya risasi na kaburi la zege. Sisi tuliowaona wagonjwa wa Ebola wakikataliwa na majirani zao tunaijua sura hiyo.

19. Mwandishi wa habari aandike nini wakati bado haijulikani kilicholipuka?

Aandike “mlipuko”. Vipimo vikionyesha mionzi, aandike “mlipuko uliotawanya vitu vyenye mionzi”, na ataje aliyepima. “Bomu chafu” lina dai la kusudi ndani yake, kwamba mtu alikaa akapanga kuchafua. Lisubiri mpaka kusudi hilo limethibitishwa, na likiwa ni tuhuma ya upande mmoja, kama Oktoba 2022, anayetoa tuhuma atajwe katika sentensi ile ile.